Dalili Moja, Maradhi Mbalimbali: Maambukizo Yanayofananishwa na Saratani ya Viungo vya Uzazi

Wafikiriwe wanawake wawili walioketi kwenye benchi moja la zahanati, katika wilaya ambayo watu wake hulima mpunga na kuteka maji mabondeni. Mmoja ana umri wa miaka 28, wa pili ana miaka 46. Wote wawili hutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, hutokwa na majimaji yasiyo ya kawaida ukeni, na huumwa chini ya kitovu. Muuguzi anapowapima anakuta mlango wa kizazi wa kila mmoja una mabaka na vinundu, nao unatoa damu unapoguswa. Mmoja wao ana saratani. Mwingine ana mayai ya minyoo ya kichocho yaliyonasa katika nyama ya mwili wake.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini hali inayoelezwa ni ya kweli, na matabibu wa sehemu nyingi za Afrika huikuta. Kosa la kutofautisha maradhi hayo lina gharama kubwa kwa pande zote mbili. Mwenye kichocho akidhaniwa kuwa na saratani, huenda akaondolewa mfuko wa uzazi bila sababu na kupoteza uwezo wa kuzaa. Mwenye saratani akidhaniwa kuwa na maambukizo, atapewa dawa zisizomfaa, huku ugonjwa ukienea mpaka usitibike tena. Makala hii inaeleza kwa nini maambukizo fulani hufanana na saratani, ni yapi hasa yanayojulikana kwa jambo hilo, na kwa njia gani sayansi hupata kuamua.

Uvimbe hutokeaje?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli. Kwa kawaida seli hugawanyika pale tu zinapohitajika, kwa mfano kuziba jeraha au kuchukua nafasi ya seli zilizokufa, kisha huacha. Katika saratani utaratibu huu huvunjika. Seli moja hupata mabadiliko katika chembe zake za urithi, hugawanyika bila kikomo, na vizazi vyake hujenga uvimbe. Hatimaye seli hizo hupenya katika nyama za jirani na kusafiri kwa njia ya damu au limfu hadi viungo vya mbali.

Uvimbe wa maambukizo una asili nyingine. Kiini cha maradhi kisichoweza kuuawa upesi kinapoingia katika nyama, seli za ulinzi hukusanyika na kukizingira. Seli hizo zikidumu hapo kwa wiki na miezi hufanya kinundu kigumu ambacho wataalamu hukiita granuloma. Mwili hauongezi seli bila utaratibu. Unajaribu kujenga ukuta kati ya adui na nyama iliyo nzima.

Kwa hiyo sababu ni mbili zilizo mbali kabisa, lakini matokeo yanayoonekana kwa macho yanaweza kuwa yale yale. Vyote viwili huleta uvimbe. Vyote viwili huvuta mishipa mipya ya damu, ambayo ni dhaifu na hupasuka kwa urahisi; ndiyo maana damu hutoka kwa kuguswa kidogo tu. Vyote viwili huweza kuleta vidonda, maumivu na kukonda. Mtu aonaye kilima kidogo kwa mbali hawezi kujua kama ni kichuguu au ni udongo uliochimbuliwa na mkulima. Hana budi kusogea, na pengine kuchimba.

Kichocho cha viungo vya uzazi

Kichocho husababishwa na minyoo wa jenasi Schistosoma. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwatambua minyoo hao mjini Cairo mwaka 1851. Aina inayohusika zaidi na somo hili ni Schistosoma haematobium, inayopatikana Unguja na Pemba, katika sehemu za pwani, na katika mabwawa na vijito vya bara vyenye konokono wa jenasi Bulinus.

Mzunguko wa maisha ya mnyoo huyu hufundishwa katika shule za sekondari. Mayai hutoka na mkojo. Yakifika katika maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, huanguliwa, na lava wake humwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono hutoa lava wa aina nyingine, ambao hupenya ngozi ya mtu aliye ndani ya maji kwa muda wa dakika chache. Ndani ya mwili lava hukua kuwa minyoo, dume na jike huungana, na hatimaye hukaa katika mishipa ya vena inayozunguka kibofu.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka ni kwamba vena za kibofu zimeungana na vena za mfuko wa uzazi, mlango wa kizazi na uke. Kwa hiyo mayai hayaendi kwenye kibofu peke yake. Mnyoo jike wa aina hii hutaga kati ya mayai 20 na 200 kwa siku, na karibu nusu ya mayai hayo hayatoki mwilini. Tuseme, kwa hesabu ya kufundishia, kwamba jike mmoja hutaga mayai 100 kwa siku na nusu yake hunasa. Kwa mwaka mmoja mayai 18,250 yatabaki katika nyama, na hayo ni ya mnyoo mmoja tu. Kwa wastani mnyoo huishi kati ya miaka 3 na 10.

Kila yai lina urefu wa takriban milimita 0.15 na mwiba mdogo kwenye ncha yake. Likiwa hai hutoa kemikali zinazoamsha ulinzi wa mwili, na granuloma hujengwa kulizunguka. Likifa, mara nyingi hugeuka kuwa kama chokaa na kubaki pale pale. Kwa macho ya mpimaji, mayai mengi yaliyokusanyika chini ya ngozi laini ya mlango wa kizazi huonekana kama mabaka ya manjano yenye punje za mchanga. Pengine huonekana vinundu kama vya mpira, mishipa ya damu isiyo ya kawaida, vidonda, au vioteo vilivyochomoza kama ua la koliflawa. Sura hii ya mwisho ndiyo inayofanana sana na saratani ya mlango wa kizazi.

Ugonjwa huu si mgeni katika elimu ya tiba. Mwaka 1899 daktari mpasuaji Frank Cole Madden, aliyefanya kazi Cairo, alichapisha taarifa ya kichocho kilichoonekana katika uke. Hata hivyo, kwa miaka mingi kichocho kiliendelea kutazamwa kama ugonjwa wa kibofu tu. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 katika Afrika kusini ya Sahara wana kichocho cha viungo vya uzazi. Wengi wao hawajawahi kuelezwa jina la ugonjwa wao.

Kuna mitego miwili katika kuutambua. Mtego wa kwanza ni kutegemea mkojo peke yake. Kipimo cha kawaida ni kuchuja mililita 10 za mkojo na kutafuta mayai kwa hadubini, na mkojo unaofaa zaidi ni ule wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Lakini mayai yaliyonasa katika mlango wa kizazi hayatoki na mkojo. Utafiti uliofanyika katika wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, uliwakuta wanawake wenye mayai katika mlango wa kizazi ambao mkojo wao haukuwa na yai hata moja. Mkojo safi, basi, haumtoi mtu katika shaka.

Mtego wa pili ni kusahau kuuliza historia. Mwanamke aliyehamia mjini miaka mingi iliyopita huenda alikuwa akioga mtoni alipokuwa na umri wa miaka minane. Minyoo huishi kwa miaka, na mayai yaliyogeuka chokaa hubaki hata minyoo ikishakufa. Swali dogo, “Utotoni ulikuwa ukioga na kufua wapi?”, linaweza kuwa na thamani kuliko kipimo cha bei ghali.

Aidha, dalili zake mara nyingi hudhaniwa kuwa za ugonjwa wa zinaa. Msichana ambaye hajamjua mwanamume huaibishwa bure, au mke hushukiwa na mumewe, ilhali ugonjwa ulitoka katika maji ya kisima au mto. Kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana.

Tiba yake ni dawa ya prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Dawa hii huua minyoo waliokomaa na hivyo kuzuia mayai mapya, lakini haiyaondoi mayai yaliyokwisha kunasa. Ndiyo sababu matibabu ya utotoni, kabla mabaka hayajakomaa, yana faida kubwa kuliko matibabu ya utu uzima.

Kifua kikuu kilicho tumboni

Jina la ugonjwa huu hupotosha. Bakteria wa kifua kikuu, ambao Robert Koch alitangaza ugunduzi wao tarehe 24 Machi 1882, huingia mwilini kwa njia ya pumzi na mara nyingi hushambulia mapafu. Lakini kutoka huko huweza kusafiri na damu hadi mahali popote: mifupa, figo, ubongo, utando wa ndani wa tumbo na viungo vya uzazi. Katika viungo vya uzazi vya mwanamke, mirija ya uzazi ndiyo inayoshambuliwa zaidi. Mirija hiyo huvimba, hushikamana na kuziba, na wanawake wengi huja kugundua ugonjwa huo wanapotafuta sababu ya kutopata mimba. Mara chache bakteria hushambulia mlango wa kizazi na kufanya kidonda au kioteo kinachofanana kabisa na saratani.

Ugonjwa ukienea katika utando wa tumbo, picha inayotokea hufanana na saratani ya ovari iliyokwisha kuenea. Tumbo hujaa maji na kuvimba. Mgonjwa hukonda, hukosa hamu ya kula, na huwa na homa za jioni, ingawa homa hiyo si lazima iwepo. Kipimo cha mawimbi ya sauti huonyesha uvimbe karibu na ovari pamoja na maji tumboni. Picha ya mapafu huweza kuwa safi, na mgonjwa asiwe na kikohozi. Hata daktari akifungua tumbo, hukuta vinundu vidogo vyeupe vimetapakaa juu ya utando, na saratani ya ovari nayo hutapakaza vinundu vya namna hiyo.

Hapo ndipo kipimo kimoja cha damu kinapoweza kuongeza utata. Mwaka 1981 Robert Bast na wenzake, nchini Marekani, walieleza juu ya kingamwili inayotambua kitu kinachotokana na seli za saratani ya ovari. Kitu hicho huitwa CA-125, na kiwango cha juu kinachohesabiwa kuwa cha kawaida ni yuniti 35 kwa mililita moja. Wagonjwa wengi wa saratani ya ovari huwa na kiwango kikubwa kuliko hicho, na kwa hiyo namba kubwa huogofya. Lakini CA-125 haitengenezwi na saratani peke yake. Hutengenezwa pia na utando wenye afya wa tumbo, na hasa unapochokozwa. Hedhi, mimba, maambukizo ya nyonga na kifua kikuu cha tumbo huweza kuiongeza. Katika kifua kikuu cha tumbo kiwango kimewahi kupanda hadi mamia, na hata kupita 1,000.

Kwa upande mwingine, karibu nusu ya wanawake wenye saratani ya ovari iliyo katika hatua ya kwanza huwa na kiwango cha kawaida. Hivyo namba kubwa haithibitishi saratani, na namba ndogo haiikanushi. Kipimo hiki kinafaa zaidi kufuatilia mwenendo wa ugonjwa uliokwisha kutambuliwa kuliko kutoa hukumu ya kwanza.

Je, kwa nini maji ya tumboni yasichukuliwe na kuangaliwa kwa hadubini? Huchukuliwa, lakini bakteria katika maji hayo huwa wachache mno, na ni mara chache sana kuwaona. Kuwaotesha katika maabara huchukua wiki kadhaa. Kipimo cha chembe za urithi za bakteria, kilichopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, lakini katika maji ya tumbo hukosa wagonjwa wengi. Kipimo cha kimeng’enya cha adenosini diaminesi, ambacho huongezeka katika maji ya kifua kikuu, husaidia kuelekeza fikra. Hata hivyo, njia iliyo madhubuti zaidi ni kupitisha bomba jembamba lenye taa kwa tundu dogo la tumbo, kutazama utando, na kukata vipande vidogo vya vinundu kwa uchunguzi.

Ikithibitika kuwa ni kifua kikuu, tiba ya kawaida ni ya miezi 6: dawa nne, yaani isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli, kwa miezi 2 ya kwanza, kisha isoniazidi na rifampisini kwa miezi 4. Maji hukauka, vinundu hunywea, na CA-125 hushuka. Mwanamke aliyekuwa akiandaliwa kwa upasuaji mkubwa hupona kwa vidonge.

Bakteria wanaojifanya kuvu

Mfano wa tatu hutokea kwa nadra, lakini una mafunzo. Bakteria waitwao Actinomyces huishi katika kinywa na utumbo wa watu wengi bila kuleta madhara. Hukua kwa nyuzi zenye matawi, na ndiyo maana zamani walidhaniwa kuwa kuvu. Mara chache, hasa kwa mwanamke aliyekaa na kitanzi cha uzazi wa mpango kwa miaka mingi bila kukibadilisha, bakteria hao huingia katika nyama za nyonga. Hukua polepole na kuvuka mipaka ya viungo: kutoka mfuko wa uzazi hadi utumbo, kibofu na ukuta wa tumbo. Uvimbe mgumu unaoshika viungo vingi ni tabia inayojulikana ya saratani, na wagonjwa wengi wa aina hii wamepasuliwa kwa dhana hiyo.

Ndani ya usaha wao huonekana chembe ndogo za njano zinazofanana na salfa. Tiba ni penisilini kwa muda wa miezi kadhaa. Inafaa isisitizwe kwamba wanawake walio wengi wenye vitanzi hawapati ugonjwa huu kamwe. Funzo si kukiogopa kitanzi, bali kukikagua na kukibadilisha kwa wakati uliowekwa.

Kinyama kidogo, jibu kubwa

Katika mifano yote mitatu, dalili, mikono ya mpimaji, picha na namba za damu huongeza au kupunguza shaka tu. Kinachoamua ni kipande kidogo cha nyama, ambacho hospitalini huitwa kinyama, kikatwacho mahali penye ugonjwa. Hukatwa vipande vyembamba vyenye unene wa maelfu machache ya sehemu za milimita, hutiwa rangi, na kutazamwa kwa hadubini na mtaalamu wa patholojia. Mambo anayoyatafuta ni haya:

(a) Saratani: seli zenye viini vikubwa visivyolingana, zinazogawanyika bila mpango na kupenya mahali pasipo pao.

(b) Kichocho: mayai yenye mwiba kwenye ncha, yaliyo hai au yaliyogeuka chokaa, yamezungukwa na seli za ulinzi.

(c) Kifua kikuu: granuloma zenye seli kubwa za viini vingi, na katikati yake nyama iliyokufa ikafanana na jibini. Kwa rangi za Ziehl na Neelsen, bakteria wakiwapo huonekana kama vijiti vyekundu juu ya buluu.

(d) Aktinomikosisi: mafungu ya nyuzi za bakteria yaliyozungukwa na usaha.

Kuna jambo dogo la kazi ambalo huweza kuharibu uchunguzi wote. Kinyama huwekwa katika formalini ili kisioze, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa hadubini. Lakini formalini huua bakteria. Kama kinyama chote kimetiwa humo, hakiwezi tena kuoteshwa ili kutafuta bakteria wa kifua kikuu, wala kupima ni dawa gani zinawaweza. Kwa hiyo panapokuwa na shaka ya kifua kikuu, sehemu ya kinyama huwekwa katika chupa safi yenye maji ya chumvi ya hospitali na kupelekwa maabara mapema. Uamuzi huo hufanywa katika chumba cha upasuaji na mtu aliyekumbuka, kabla ya kukata, kwamba huenda uvimbe si saratani.

Hii haina maana kwamba kila mwanamke akatwe kinyama. Katika sehemu zenye kichocho kingi, mabaka ya mchanga yanayotambulika wazi huweza kutibiwa kwa prazikwanteli na mgonjwa akaangaliwa tena. Kinyama huhitajika pale sura ya kidonda inapoleta shaka ya saratani, au pale tiba inaposhindwa kuleta nafuu.

Kosa la upande wa pili

Msomaji asije akaondoka na fikra kwamba saratani ni dhana ya kutisha tu. Mwaka 2022 saratani ya mlango wa kizazi iliwapata wanawake wapatao 660,000 duniani na kuwaua wapatao 350,000, na nchini Tanzania ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine zote. Mara nyingi wanaokufa ni wale waliochelewa, na wengi wa waliochelewa walitibiwa kwanza kwa viuavijasumu, mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa dhana ya maambukizo.

Aidha, ugonjwa mmoja haumfukuzi mwingine. Mwanamke anaweza kuwa na mayai ya kichocho na saratani katika mlango mmoja wa kizazi. Kuona yai kwa hadubini si ruhusa ya kuacha kutafuta seli za saratani. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yumo katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu na ya saratani ya mlango wa kizazi kwa pamoja. Kanuni iliyo salama ni kwamba dalili isiyoisha baada ya tiba kamili ihesabiwe kuwa swali jipya, na mgonjwa apelekwe mbele.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba saratani ya mlango wa kizazi yenyewe huanza na maambukizo. Harald zur Hausen na wenzake, nchini Ujerumani, walionyesha mwaka 1983 na 1984 kwamba aina mbili za virusi vya papiloma, namba 16 na 18, zimo katika saratani hiyo. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu virusi kuingia hadi saratani kutokea kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Muda huo mrefu ndio unaowezesha uchunguzi wa mapema kuokoa maisha, na chanjo kuzuia ugonjwa kabla haujaanza. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchini kote mwaka 2018.

Hitimisho

Huenda msomaji amekwisha kuamua kwamba, kati ya wanawake wale wawili wa zahanati, mwenye saratani ni yule wa miaka 46. Uwezekano unaelekea huko, kwa sababu saratani hiyo huongezeka kwa umri. Lakini mayai ya kichocho hubaki mwilini mpaka uzeeni, na saratani huwapata pia wanawake wa chini ya miaka 30. Umri, kama zilivyo dalili, huongeza shaka au huipunguza, hautoi hukumu. Muuguzi mwema atawauliza wote wawili maswali yale yale, atawapima wote wawili, na hatamrudisha yeyote nyumbani kwa kubahatisha.

Shule ina sehemu yake. Kisima kilichojengwa vizuri, choo kinachotumika, vidonge vya kichocho vinavyomezwa shuleni, chanjo ya wasichana, na kikohozi cha wiki mbili kinachopelekwa hospitali, hupunguza idadi ya wanawake watakaoketi kwenye benchi lile miaka ishirini ijayo. Na msichana aliyefundishwa mapema kwamba damu isiyo ya hedhi ni jambo la kuelezwa bila haya atafika zahanati wakati jibu bado lina faida.

Maswali na mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya uvimbe wa saratani na granuloma. Kwa nini vyote viwili hutoa damu kwa urahisi?

2. Minyoo majike 12 wa kichocho wamo katika mwili wa mtu mmoja. Kila mmoja hutaga mayai 80 kwa siku, na nusu yake hunasa mwilini. Ni mayai mangapi yatakayonasa kwa muda wa miaka 5?

3. Mwanamke ana maji tumboni na CA-125 ya yuniti 600. Taja sababu mbili zinazowezekana, na ueleze ni uchunguzi gani utakaoamua.

4. Kwa nini kinyama kinachoshukiwa kuwa na kifua kikuu kisiwekwe chote katika formalini?

5. Kazi ya darasa: chora ramani ya mahali ambapo wanafunzi na familia zao huteka maji, huoga na hufua. Onyesha mahali penye konokono wa maji baridi bila kuingia majini, kisha jadilini ni sehemu zipi zinazohitaji kutengenezwa kwanza, na kwa nini.